Wifi Anayegonga Ukuta

Kila Jumapili, dakika kumi kabla ya kengele ya kanisa la kijiji cha Ojo Frio kulia, Eufrasia alipita nyuma ya nyumba ya wifi yake na kugonga ukuta. Hakugonga mlango wala dirisha. Aligonga ukuta wenyewe, kwa kifundo cha kidole cha kati, huku akitembea: mara mbili penye chumba cha kulala, mara mbili penye sebule, mara tatu au nne penye jikoni, kisha akashika njia na fimbo yake. Na kila Jumapili Genoveva, akiwa jikoni anageuza tortilla, chapati zake za mahindi, kwa ncha za vidole, alinyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

Mchezo huo ulikuwa na miaka arobaini na minne. Kijijini hakuna aliyeushangaa tena, isipokuwa mapadri wapya, nao walizoea baada ya mwezi.

Eufrasia alikuwa dada mkubwa wa marehemu Celedonio, mume wa Genoveva. Alikuwa na miaka sabini na saba, mwembamba, mkavu, na mdomo usiojua kupumzika. Usidhani walikuwa maadui. Mawifi hawa walipeana mayai na dawa za magoti, na walisengenya pamoja vizuri sana. Lakini kuingia ndani ya nyumba ya Genoveva, Eufrasia hakuingia. Alikuwa ameapa. Krismasi alikula tamale zake, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama, barazani, kajifunika blanketi, theluji ikimwangukia magotini, na akaomba ya pili. Hata siku Celedonio alipolazwa sebuleni ndani ya jeneza, dada mtu alikaa barazani tangu asubuhi mpaka jioni, kiti kakibana dirishani, akamlilia ndugu yake kupitia kioo. Genoveva alimpelekea sahani huko huko nje. Alikuwa na hasira naye kweli kweli, na bado alimpakulia nyama nzuri.

Sababu ya yote ilikuwa lipu.

Nyumba ile ilijengwa kwa matofali ya tope, sawa na nyumba zote za bonde lile, na desturi ya huko ni kwamba wanaume hujenga na wanawake hukandika. Kila mwaka kabla ya baridi, mama yake Eufrasia, na baadaye Eufrasia mwenyewe, walichanganya udongo, mchanga na majani makavu ya ngano, wakaukandika ukuta kwa viganja mpaka ukawa laini. Genoveva alipoolewa alikabidhiwa ndoo yake kama mke yeyote. Mikono yake ilikataa. Ilipasuka, ikatoka damu, na mwaka wa nne akakandika akiwa na mimba ya Arsenio, analia kimyakimya.

Celedonio siku hizo alikuwa akijenga nyumba mpya za watu kule mjini Albuquerque. Aliitazama mikono ya mkewe, na Ijumaa moja akarudi na lori la saruji na mizunguko ya senyenge. Kwa siku tisa aliipigilia nyumba nzima ule wavu wa waya, akaipiga lipu ya saruji yenye rangi ya mkate, na juu ya mlango akachora kwa msumari jina alilozoea kumwita: VEVA 1979. Kila aliyepita alimwambia, "Mke wangu hatashika tope tena."

Hakuna mtu aliyewahi kumpa Genoveva zawadi kubwa kuliko ile. Lakini Eufrasia aliisikia sentensi hiyo kwa sikio jingine. Tope lilikuwa kazi ya mama yake, na kazi yake. Alisimama uani, mikono kiunoni, akasema mbele ya majirani, "Nyumba inatoka jasho, Celedonio. Wewe umeivalisha koti la mvua na kuifunga vifungo mpaka shingoni. Siku itakapovuliwa hilo koti ndiyo siku nitakayoingia humo."

Basi ikawa hivyo. Na Genoveva aliamini, kama ambavyo ungeamini wewe, kwamba kule kugonga kwa kila Jumapili kulikuwa namna ya wifi ya kukumbushia maneno yake.

Mpaka Jumapili ya kwanza ya Septemba. Eufrasia aligonga chumba cha kulala, akagonga sebule, akafika jikoni, akagonga, na akasimama. Akagonga tena. Akarudi nyuma hatua moja, akagonga chini, karibu na miguu yake. Redio ilikuwa ikipiga kelele, lakini Genoveva alisikia fimbo ikigota kwenye kioo cha dirisha.

"Veva."

"Nenda kanisani, wifi. Padri anakusubiri na dhambi zako ni nyingi."

"Ukuta wako wa jikoni unaitika tofauti."

"Unaitika? Hujibiwi na wanao, ndiyo ujibiwe na ukuta?"

"Cheka tu," alisema Eufrasia, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Alikwenda zake polepole, na Genoveva akazima redio, akabaki anautazama ukuta kwa ndani. Roho haikutulia.

Alijua. Wacha nikuambie ukweli, alijua tangu kiangazi cha mwaka uliopita. Nyufa nyembamba hazikumtisha, kila nyumba ina mikunjo yake. Lakini chini ya mlizamu unaomwaga maji ya paa, ufa mmoja ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha sarafu, na ulikwenda ngazi ngazi. Karibu na ardhi palitokea doa jeusi lisilokauka hata wiki ya jua kali. Jikoni, rangi ilivimba na kubanduka, na kila asubuhi alifagia unga wa udongo chini ya meza. Mwezi wa nne kipande cha lipu chenye ukubwa wa sinia kilianguka chenyewe, kikavunja chungu cha maua, na bahati mbaya mwanawe Arsenio alikuwepo siku hiyo.

Arsenio alikuwa mtu mzuri, mwenye wasiwasi mwingi na gari safi. Aliishi mjini Rio Rancho. Aliokota kile kipande, akakigeuzageuza, akasema, "Mama, nitamleta fundi mwezi wa tisa. Akisema ukuta umeoza, unahamia kwangu. Nimekuwekea chumba cha juu. Nikubalie."

Genoveva alikubali kwa sababu mwezi wa tisa ulikuwa mbali. Chumba hicho alikifahamu: zulia jeupe, na dirisha linalotazama mlango wa gereji ya jirani. Angekufa mle ndani, tena angekufa safi.

Sasa fundi alikuwa anakuja Jumamosi. Zilibaki siku sita, na Genoveva akaamua kuudanganya ukuta.

Mafundi wa siku hizi wana rangi za kopo. Yeye alikuwa na saruji ya zamani bandani na kahawa. Alikwisha jaribu chai, ikatoka manjano. Kahawa ya unga, vijiko viwili kwa kibakuli, ilitoa rangi ile ile ya mkate. Alipiga magoti juu ya mto, mwiko mkononi, akaziba ufa mmoja baada ya mwingine, na upande wote wa jikoni ukanukia kama asubuhi. Ule ufa mkubwa aliujaza mara tatu. Mara tatu uliitema saruji kwa sababu ndani palikuwa na maji.

Ijumaa akabadili mbinu. Pilipili zilikuwa zimeiva bonde zima, na yeye alikuwa ameshona mashada yake ya kuanika, marefu, mekundu, yanayong'aa. Kwa kawaida alitundika mawili, kulia na kushoto kwa mlango. Safari hii alitundika kumi na moja, yote upande wa jikoni. Ukuta ulipendeza mno. Ulipendeza kiasi kwamba gari lenye namba za Texas lilisimama, akashuka mama mmoja aliyevaa kofia ya majani, akataka kununua.

"Chagua hili," Genoveva alimwambia, akimwonyesha shada la pembeni.

"Hapana, nataka lile la katikati. Lile nene."

"Lile haliuzwi."

"Nitaongeza bei."

"Hata uache gari lako hapa, bibi. Lile ni la familia."

Yule mama aliondoka akisikitika. Eufrasia, aliyekuwa ameona yote kutoka upande wa pili wa njia, alicheka mpaka akashikilia uzio. "Wifi," alipaaza sauti, "ukimaliza pilipili utundike na kuku."

Jumamosi Arsenio alifika na fundi, bwana Tafoya, mnene, mchangamfu, mwenye kisanduku cha vyombo na tabia ya kusifia kila kitu. Alisifia mti wa parachichi, nao ulikuwa mtofaa. Alisifia posole aliyopewa, ile supu nzito ya mahindi na nyama, akala bakuli mbili. Kisha akatoka nje na kusimama mbele ya zile pilipili.

"Mwaka mzuri wa pilipili," alisema.

"Mzuri sana," alisema Genoveva.

"Mama," alisema Arsenio, "mbona ziko huku kwenye kivuli?"

Bwana Tafoya hakusubiri jibu. Alifunua lile shada la katikati kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria ya wenyewe. Alinusa. "Hii kahawa?"

"Ya kusaga," alisema Genoveva kwa sauti ndogo.

Bwana Tafoya hakumcheka, na kwa hilo Genoveva alimpenda. Alitoa kidude cha kupimia unyevu, chenye sindano mbili, akakichoma kwenye ufa, nacho kikalia kikawa hakinyamazi. Alichoma chini ya mlizamu, kikalia. Alibonyeza lipu kwa kiganja, ikabonyea na kurudi.

"Senyora, hii lipu haijashika kitu tena. Inaning'inia kwenye waya. Kupaka nyingine juu yake nitakuwa nakuibia. Ni kuitoa. Lakini siwezi kusema matofali ya nyuma yamebaki au yamekuwa uji. Saruji haipumui. Maji yakiingia kwa juu, hayatoki. Huenda ni hapa tu, huenda ni nyumba nzima. Itabidi nibomoe kote ndiyo nijue, na nikibomoa kote nyumba isiyo na miguu inaweza kukaa chini."

Arsenio alimshika mama yake begani. Alimshika kwa upole, na upole huo ulimuumiza Genoveva kuliko ukali. "Tumejaribu, mama. Twende tukafunge vitu."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alitazama juu ya mlango, kwenye jina lake, na akaona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeiua zawadi ya mumewe, kwa kila ufa alioufunga juu ya maji.

Hapo ndipo fimbo iliposikika kwenye changarawe.

"Nani kasema nyumba nzima?" aliuliza Eufrasia. Mkononi alikuwa na kipande cha mkaa wa jikoni.

"Shangazi, tafadhali," alisema Arsenio.

"Tafadhali mwenyewe. Wewe na hii lipu ni rika moja, na yenyewe imezeeka kwa adabu kukuzidi. Sogea."

Alitoa yale mashada moja moja akampakatisha Arsenio mpaka mtu mzima akapotelea nyuma ya pilipili. Kisha akaanza kutembea kandokando ya ukuta, na safari hii hakugonga hata mara moja. Alichora tu. Chini ya mlizamu alichora duara kubwa.

"Hapa palianza mwaka ule Celedonio alipopasuliwa goti. Kabla ya hapo palikuwa pazima." Akainama kwa shida, akachora mstari toka pale hadi kwenye mlango wa nyuma, kimo cha magoti. "Huku maji yamefuata baada ya msiba, ile theluji kubwa. Huku mwisho ni mwaka jana, mwezi wa pili." Akafika dirishani. "Hapa ni Jumapili ya majuzi. Wiki moja kabla palikuwa bado panaitika vizuri." Akapinda kona, akaipita sebule, akakipita chumba cha kulala, mkaa ukiwa juu hewani. "Huku hakuna kitu. Lipu imeachia, ndiyo, ukigonga inalia kama debe. Lakini nyuma pakavu. Tope kavu lina sauti yake, bwana fundi. Nimeanza kuisikiliza nikiwa na miaka saba."

Bwana Tafoya alimtazama, akatazama kidude chake, akaanza kumfuata. Alichoma ndani ya duara, kikalia. Nje ya duara, kwa upana wa kiganja, kikanyamaza. Alichoma juu ya mstari, kimya. Chini ya mstari, kelele. Alizunguka nyumba yote, na aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Nimetoa pesa nyingi kukinunua hiki," alisema, akakitia mfukoni.

Lakini Genoveva hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akihesabu Jumapili. Mwaka wa goti. Wiki za msiba. Mwezi wa pili wa mwaka jana, barafu njiani, na mwanamke wa miaka sabini na sita anazunguka nyuma ya nyumba kwa fimbo. Na yeye ndani, mkono kwenye redio.

"Wifi," alisema, "wewe miaka yote hiyo ulikuwa unasikiliza?"

"Ulidhani nafanya nini? Napiga ngoma?"

"Nilidhani unanisimanga."

"Kukusimanga nina mdomo," alisema Eufrasia. "Nami ningesema maji, wewe ungesikia masimango. Ukuta ni wa mama yangu. Na humo ndani unalala wewe."

Genoveva alilia, kidogo tu, akafuta kwa pindo la aproni. Kisha akamwambia Arsenio aweke pilipili chini na ampe nyundo.

"Mama, mwachie fundi."

"Celedonio alinipigia mimi hii lipu. Nitaitoa mimi."

Alipiga katikati ya duara. Pigo la tatu, lipu ilishuka yote kwa mkupuo, ikavuta waya wake wenye kutu, na nyuma yake matofali ya chini yalikuwa unga wa mkate uliotiwa maji. Mistari mitatu ya chini, Eufrasia alikuwa amesema kimo cha magoti, na kilikuwa kimo cha magoti. Juu ya hapo palikuwa pakavu. Ukandikaji wa zamani ulikuwepo bado, majani ya ngano yaking'aa manjano kana kwamba yamevunwa mwaka huu. Eufrasia aliweka kiganja chake pale, akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia. Ilikuwa mara ya pili mwezi huo kunyamaza, na wote wakamheshimu.

"Matofali themanini," alisema hatimaye. "Tunatoa mabovu kipande kipande, tunaegemeza magogo, tunaweka mapya. Mlizamu unarefushwa. Ukuta huu tunakandika kabla ya barafu, mwingine utasubiri masika. Arsenio, umeomba likizo?"

"Likizo ya nini, shangazi?"

"Ya kubeba matofali, mwanangu."

Arsenio alifungua mdomo kukataa. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amejaa vumbi la saruji kichwani na macho yanang'aa, hajamwona hivyo tangu msiba. Akafunga mdomo. Jumatatu alirudi na toroli, na gari lake halikuwa safi tena mpaka Novemba.

Kazi ilichukua wiki mbili na nusu. Bwana Tafoya alikuja siku zake za mapumziko bila kuitwa, akisema amekuja kwa ajili ya posole. Lipu ilivuliwa nyumba nzima, ikajaza malori. Wanawake sita wa kijiji, wale wanaokandika kanisa kila mwaka, walikuja na ndoo zao, na siku ya kwanza Eufrasia alisimama mbele ya Genoveva na ndoo mkononi, akasita.

"Celedonio alisema hutashika tope tena," alisema. Safari hii hakusema kwa ubishi.

"Celedonio aliona mikono ya msichana," alisema Genoveva. "Hii ni mikono ya kikongwe, haina cha kupasuka. Lete."

Tope lilikuwa baridi na laini, na alicheka alipolitia mikono. Jioni Eufrasia alimpaka mafuta ya nguruwe vidoleni huku akimwambia kwamba anakandika vibaya kama alivyokuwa akikandika zamani.

Kilibaki kipande kimoja cha lipu, juu ya mlango, ndani ya kivuli cha baraza ambako mvua haifiki. Arsenio alikuwa amekwisha kuinua tindo. Eufrasia alimsimamisha, akanyoosha fimbo, akagonga chini ya lile jina. Sauti ilirudi nzito.

"Hiki kizima. Kiache."

"Lakini shangazi, si uliapa mpaka koti livuliwe?"

"Koti limevuliwa. Hicho ni kifungo."

Jumapili iliyofuata, Genoveva aliamka mapema. Aliweka posole jikoni, akageuza tortilla, na redio hakuiwasha. Dakika kumi kabla ya kengele alisikia fimbo kwenye changarawe. Alisimama, akatega sikio. Fimbo ilipita chumba cha kulala. Ilipita sebule. Ilipita jikoni, na hakuna kilichogongwa.

Alifungua dirisha haraka. "Wifi, kuna nini? Mbona hujagonga?"

Eufrasia aligeuka. "Tope bichi haligongwi. Unataka nikuachie mashimo?"

"Sasa mimi nitajuaje kwamba umepita?"

Eufrasia alitazama ukuta mpya, akatazama njia ya kanisani, akamtazama Genoveva dirishani. Kisha akaanza kuzunguka nyumba, kuelekea mbele. Genoveva alisikia fimbo ikipanda ngazi za baraza, moja, mbili, ikasimama. Kengele ya kanisa ikaanza kulia, na hakuna kati yao aliyeijali.

Aliufuta mkono wake wenye tope kavu kwenye kucha, akatengeneza nywele, akasubiri mlangoni kwa upande wa ndani. Baada ya miaka arobaini na minne, wifi yake akagonga mlango.